Tanuru la Mfipa na chumvi ya Uvinza: kutoka Tabora hadi Ujiji

Nafundisha historia sekondari hapa Tabora. Kila mwaka, kidato cha kwanza wakifika kwenye mada ya viwanda vya kale, nawasomea habari za chuma cha Wafipa na Wahaya, kisha chumvi ya Uvinza. Hiyo Uvinza iko kwenye reli yetu hii hii, usiku mmoja tu kutoka hapa, nami kila nikienda Kigoma nilikuwa naipita nimelala. Likizo hii nikasema nashuka. Nilisafiri na mjomba, mstaafu wa reli, ambaye aliwahi kupangiwa kituo cha Uvinza enzi za ujana wake na ana maneno juu ya kila daraja na kila kona. Haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari na picha za simu, baada ya kufua nguo.

Alhamisi: Kwihara, kisha stesheni

Treni ni ya usiku, kwa hiyo mchana tulikuwa huru. Mjomba hakuwahi kufika tembe la Livingstone, ile nyumba ya udongo alimokaa mpelelezi huyo Mskoti, na yeye ni mzaliwa wa Tabora! Bodaboda kutoka mjini hadi Kwihara ilitutoza elfu tano kila mmoja. Barabara ni ya vumbi, na kando yake wanauza asali kwenye chupa za maji. Asali usinunue wakati wa kwenda, utaibeba safari nzima.

Tembe limekarabatiwa vizuri: kuta nene za udongo mwekundu, ua katikati, mlango wa nakshi. Mwandishi wa habari Stanley alimfikisha Livingstone hapa Februari 1872, akamwacha mwezi Machi. Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti, alipoondoka kwa safari ambayo hakurudi. Ndani kuna nakala za barua na ramani. Mhudumu alitueleza kwa utulivu, bila haraka. Mjomba akamuuliza wapagazi walilala wapi. Akajibu, "Nje, mzee, na mizigo yao." Hilo halikuwa limeandikwa ukutani.

Kama unakwenda, nenda asubuhi na ukubaliane na bodaboda akusubiri, kwa sababu kupata usafiri wa kurudi ni bahati.

Jioni stesheni. Treni ilichelewa kwa saa kadhaa na hakuna aliyeshangaa. Watu walitandika kanga, watoto wakalala juu ya mabegi. Mama mmoja aliyekuwa anarudi Kaliua alitukatia viazi vitamu vya kuchemsha bila kutuuliza kama tuna njaa. "Kula, mwanangu, treni haina saa," aliniambia. Daraja la pili la kukaa hadi Uvinza tulilipa kama elfu kumi na tano kila mmoja. Beba koti, usiku wa kiangazi kule kwenye miombo ni baridi hasa, na madirisha mengine hayafungi.

Ijumaa: Uvinza

Kulikucha tuko kwenye bonde la Malagarasi. Mabwawa, ndege weupe, matete, halafu vilima. Mjomba alisimama dirishani tangu alfajiri akitaja vituo kabla havijafika. Pembeni mwa njia, sehemu nyingine, tuliona tuta jipya la reli ya kisasa, SGR, inayotoka Tabora kuja Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Mjomba aliitazama kama mtu anayemtazama mke mpya wa rafiki yake, akasema tu, "Haya."

Uvinza ni mji mdogo wenye mambo makubwa. Wilaya yenye jina lake ipo tangu 2012, ni njia panda ya kwenda Mpanda, na chini yake Mto Ruchugi unaingia Malagarasi. Nyumba ya kulala wageni elfu kumi na tano, maji ya ndoo, chandarua kizima. Chai na chapati mbili elfu moja na mia tano.

Chumvi ya Uvinza haitoki baharini wala kwenye ziwa. Ni chemchemi za maji ya chumvi zinazotoka ardhini karibu na kingo za Ruchugi. Mwaka 1967 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba hapa wakakuta mabaki ya majiko na vyungu vilivyovunjika, tabaka juu ya tabaka, na ya chini kabisa yakarudi nyuma hadi karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Yaani watu walikuwa wanachemsha chumvi mahali hapa miaka ipatayo elfu moja na mia tatu kabla ya Stanley kuvua kofia yake mbele ya Livingstone pale Ujiji.

Karne ya 19 kazi ilikuwa ya kiangazi tu, maana masika mto ulifurika na kuzifunika chemchemi. Mito ikishuka, watu walikuja kwa maelfu kutoka Buha, Unyamwezi na kwingine, wakajenga vibanda, wakateka maji, wakayachemsha kwenye vyungu hadi ibaki chumvi. Watemi wa Kivinza walichukua ushuru wao. Walichukua pia kwa misafara iliyotaka kuvuka Malagarasi: wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliupata mkono huo Februari 1858, siku chache kabla ya kufika Ujiji. Chumvi ikapelekwa Ujiji, Unyanyembe (huku kwetu Tabora) na kuzunguka Ziwa Tanganyika, ikabadilishwa kwa majembe, mbuzi, nafaka. Wajerumani walipokuja wakaanzisha kiwanda, eneo wakaliita Gottorp, na hadi leo kuna mgodi unaofanya kazi.

Nayasema haya yote kwa urefu kwa sababu ukifika pale hakuna wa kukuambia. Nilitafuta bango kuanzia stesheni hadi mtoni. Lipo bango la maji ya kunywa, lipo la mtandao wa simu, lipo la mkutano wa injili. Kwihara tumejengewa upya nyumba nzima kwa ajili ya mgeni aliyekaa miezi michache.

Mgodi ni mali ya watu, huingii kwa kutaka tu. Mlinzi alikuwa muungwana, akatuambia kuingia ni kwa barua, nasi hatukuwa nayo. Mwalimu anayetaka kuleta wanafunzi aandike mapema kwa uongozi, apitie na ofisi ya kata. Tulichoona ni kwa nje: weupe mkali unaoumiza macho saa sita mchana, na malori yakisubiri. Pale getini mama muuza chumvi wa rejareja alinipa chembe nionje. Niliuliza bei ya kilo, akanicheka, "Mwalimu, utabeba chumvi kwenye treni kama bibi yako?" Nikanunua kilo mbili.

Mchana tulikula ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga, mchuzi una mawese, elfu tatu na mia tano. Ni mama huyu wa hoteli aliyesikia tunavyozungumza habari za vyungu na majiko, akasema kama tunapenda vitu vya moto wa kizamani twende kwa mhunzi Mfipa, ng'ambo kidogo ya barabara ya Mpanda. "Amejenga kitu kama kichuguu nyuma ya nyumba. Watu walidhani ni mganga."

Jumamosi: kwa mhunzi

Hii ndiyo siku iliyobeba safari.

Mjomba alitaka tusiende. Utani kwamba Wafipa hutuma radi anaujua wote, akaurudia njia nzima, hadi dereva wa boda akaanza naye kuogopa. Tulimkuta mzee ameketi chini ya mwembe, mjukuu wake akivuta mivukuto. Tulipiga hodi, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kumwambia mjukuu alete viti kabla hata hatujajieleza.

Kazi yake ya kila siku ni majembe, mapanga na visu, vyote kutoka springi za gari. Mivukuto ni miwili ya ngozi ya mbuzi, mdomo wa udongo, moto wa mkaa. Fuawe ni kipande cha reli kilichofukiwa kwenye gogo. Mjomba aliinama, akapangusa vumbi kwa kidole kwenye ubavu wa ile reli, akatafuta maandishi ambayo kiwanda huyachapa. Zilisomeka tarakimu 19, zilizobaki zimelika.

"Mzee mwenzangu, hii reli imetoka wapi?"

"Nimeikuta kwa marehemu mhunzi wa kwanza. Wewe ni polisi?"

"Mimi ni reli."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Baada ya hapo walikuwa marafiki, na mimi nikawa mtoto wa kutumwa maji.

Nyuma ya nyumba, kweli, kuna tanuru. Linanizidi kimo kwa mikono miwili hivi, jembamba juu, pana chini, udongo wa kichuguu uliosukwa kwa tabaka unazoweza kuzihesabu kwa kidole. Chini limezungukwa na matundu, kila tundu lina vibomba vya udongo vilivyopangwa kuelekea ndani. Masika yaliyopita upande wa magharibi ulibomoka, na kiraka kipya bado kina rangi tofauti, na alama za viganja vya wajukuu zimebaki zimekauka ubavuni. Mzee anasema ya babu zake kule Ufipa yalikuwa makubwa kuliko hili. Hilo ni sahihi: malungu, yaani matanuru marefu ya Ufipa, yalifika mita tatu hivi, na baadhi bado yamesimama maporini upande wa Sumbawanga na Nkasi.

Nilimuuliza mbona halina mivukuto, wakati kule mbele anavuta mivukuto kwa ajili ya jembe moja. Alinishika mkono akauweka kwenye tundu la chini. Palikuwa na upepo mwembamba unaingia, na hakukuwa na moto ndani.

"Urefu ndio unaovuta," alisema. "Moto ukipanda juu, chini panabaki na njaa ya hewa. Linajipulizia lenyewe, mchana na usiku."

Kupanga kwenyewe: mkaa mwingi chini, juu yake mawe ya chuma yaliyovunjwavunjwa, mkaa tena, mawe tena, hadi juu. Linawaka siku kadhaa. Na hapa ndipo nilipopata kitu ambacho nimekuwa nikikifundisha kwa kupapasa. Katika tanuru kama hili chuma hakiyeyuki. Ili chuma safi kiyeyuke kinahitaji nyuzi joto 1,538, na matanuru haya yalifanya kazi kwenye kama 1,200. Kinachoyeyuka ni uchafu wa jiwe, unaotiririka chini kama uji mweusi na kuganda: hayo ndiyo mavi ya chuma ambayo wakulima huyakuta mashambani. Gesi ya mkaa unaowaka ndiyo inayolinyang'anya jiwe oksijeni yake, na chuma kinabaki humo humo, bonge lenye vitundu. Bonge hilo Wafipa walilipeleka kwenye tanuru la pili, dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilitumika kulisafisha. Halafu ndipo nyundo.

Amewahi kuliwasha mara moja, kwa mawe aliyoletewa na ndugu zake kutoka nyumbani. Alituletea alichopata, amekifunga kwenye kitambaa: bonge la ukubwa wa embe dodo, la kahawia, lina mkaa ulionasia ndani. Ni zito kuliko linavyoonekana. Kutoka mfukoni akatoa sumaku ya spika ya redio mbovu, akaisogeza taratibu. Upande mmoja ikakataa kabisa. Akaligeuza bonge, ikaruka ikanasa, tak. "Hapa ni mavi. Hapa ni jembe." Alinipa nifanye mwenyewe, na nikafanya tena na tena kama mtoto, nikiutafuta mpaka kati ya mavi na jembe.

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba zamani mimi nisingefika hapa. Wakati wa kuyeyusha, tanuru lilikuwa bibi harusi: linapambwa, linaimbiwa, dawa zinafukiwa chini yake, na mafundi wanakaa mbali na wake zao hadi kazi iishe. Nikamuuliza kama na yeye alifanya hivyo alipoliwasha. Akatazama upande wa jikoni alikokuwa mkewe. Sauti ikatoka ndani, "Alilala hukohuko nje, na baridi yake!" Mzee akasema ni kwa sababu ya kulinda mkaa usiibiwe.

Kwa nini kazi ilikufa? Mzee ana jibu fupi: majembe ya dukani. Madukani yalijaa majembe ya Ulaya, bei ndogo, na mtu hawezi kukata miti, kuchoma mkaa, kuchimba mawe na kukesha siku zote hizo kwa ajili ya majembe machache. Mimi ningeongeza kodi ya mkoloni, iliyotaka fedha na kuwapeleka vijana mashambani na migodini. Hakubishana nami, ila alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kubeba gunia la mkaa.

Hatutozwi kiingilio, lakini usiende mikono mitupu. Tulinunua jembe moja elfu nane na kisu elfu nne, na nikaacha kilo moja ya ile chumvi. Mama alikataa tuondoke bila kula, akatuwekea maharage na ugali wa dona. Picha za tanuru aliruhusu, ya sura yake alikataa, kwa hiyo msiniulize.

Jumapili: Kidahwe hadi Ujiji

Basi dogo la asubuhi, elfu nane kila mmoja. Barabara ya kutoka Tabora huvuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete, mita 275, mashariki ya Uvinza. Mjomba alikumbuka foleni za kivuko, akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu Tabora. Kutoka Uvinza ni lami hadi Kidahwe, kilomita zipatazo 77, vilima, migomba, michikichi. Kidahwe ndiyo njia panda ya Kasulu, na pana karanga za kuchemsha nzuri sana. Kituo cha ukaguzi kilitushusha wote. Beba kitambulisho cha taifa kwenye mfuko wa karibu, mkoa huu uko mpakani na utaulizwa mara kadhaa. Kijana mmoja aliyesahau chake alisimamiwa na kondakta na abiria watatu waliosema wanamjua, na nadhani mmoja tu alikuwa anamjua kweli.

Ujiji tulifika jua limekaza. Kumbukumbu ya Livingstone mnaijua: sanamu mbili zikivuliana kofia, miembe iliyotokana na ule wa zamani, jiwe, na tarehe 10 Novemba 1871. Mwongozaji anasimulia vizuri na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Nilimuuliza misafara ilileta nini hapa. Pembe, watumwa, akasema. Nikauliza chumvi. Akafikiri kidogo, akasema, "Ya Uvinza, ndiyo, bibi yangu alikuwa akiitaja." Tukazungumza nje ya ratiba yake kwa muda mrefu kuliko ziara yenyewe, na akaandika majina ya Sutton na Roberts kwenye simu.

Usiku Kigoma mjini, dagaa na wali, elfu nne. Ziwa lilikuwa tulivu.

Jumatatu: bandarini kwa mbali, halafu nyumbani

Mjomba alikuwa na lake la kuona: meli ya Liemba. Tuliitazama tukiwa kilimani, maana bandarini na stesheni usipige picha bila ruhusa, utapoteza asubuhi nzima ukijieleza. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar na kwa reli hadi huku. Ikaanza kazi 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wakikimbia, lakini kabla ya hapo mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi majini ikiitwa Liemba. Mjomba anaamini ni ile grisi, na kila mtu aliyekaa karibu nasi kwenye kijiwe cha kahawa alilazimika kuamini pia.

Kurudi tulichukua basi la saa kumi na mbili asubuhi siku iliyofuata, elfu thelathini hadi Tabora, vumbi sehemu zenye ujenzi, vinginevyo hakuna la kusimulia. Asali tulinunua karibu na mjini, kama nilivyowashauri.

Kwa wanaouliza: mhunzi ana mpango wa kuliwasha tena tanuru kiangazi kijacho, baada ya mavuno, ndugu zake wakishaleta mawe. Kinachomkwamisha ni mkaa. Kazi moja inakula magunia mengi kuliko anayoweza kumudu. Ukifika Uvinza uliza hotelini au kwa bodaboda wa barabara ya Mpanda, watakupeleka. Gunia la mkaa pale lilikuwa elfu ishirini na mbili. Mimi na mjomba tumeshalipia mawili, na mjomba anasema yeye atakwenda kukesha, mradi aruhusiwe kulala ndani.